Kipimo

Siku ya kwanza hakuja yeye. Ulikuja mkia,
ukitikisika nyuma ya shina la mkorosho
kama jamvi linalokung'utwa na mtu asiyeonekana.
Niliacha karanga tatu juu ya jiwe la kunolea panga,
nikaingia ndani, nikachungulia kwenye ufa wa mlango.
Jua likazichosha.
Jogoo wa Somoe akapenya uani, akazimeza zote,
akaniangalia kana kwamba namdai.

Siku ya nne aliteremka kichwa chini,
akaganda katikati ya shina, akapanda tena,
na kutoka juu akanitukana matusi ya haraka haraka
ambayo ningeyaelewa, pengine ningeyakubali.

Maana hapa Mahuta nina jina la pili.
Bakuli.
Hata watoto waliozaliwa nimeshaacha kazi ile wanalijua.
Kangomba. Mwezi wa pili, watu wakichimba ming'oko,
nilipita nyumba kwa nyumba na noti mpya.
Mwezi wa kumi nilirudi na bakuli.
Lilikuwa la bati, na kitako nilikigonga mwenyewe kwa nyundo
usiku mmoja, utambi wa chemli nimeushusha,
mpaka kikashuka kama tumbo la mimba changa.
Tuliliita kilo. Lilimeza kilo na nusu.
Mke wangu Nankondo alizisikia nyundo zile.
Asubuhi alipika uji akiwa kimya,
na uji nao ukawa kimya, hauna chumvi wala sukari.

Sasa Nankondo hayupo. Magoti yamenikataza shamba.
Nina ua, nina kiti kimoja, nina kindi.

Wiki ya tatu, hatua tano.
Ya sita, hatua mbili, mwili wote umeshageukia mti.
Nilijifunza kupumua kidogo kidogo,
kumwacha nzi atembee shavuni,
kutomeza mate.
Halafu mwezi wa saba, vumbi la salfa limepaka njano kila jani,
aliweka mkono wake juu ya kidole gumba changu.
Mkono, nasema, si mguu:
vidole vinne, baridi, kucha kama sindano za kushonea kofia.
Akachukua karanga, akaketi, akaizungusha,
akainusa upande huu, akainusa upande ule,
akaiacha ianguke.
Nikaiokota, nikaipasua. Ndani mlikuwa na unga mweusi.
Hakuifungua! Aliipima kwa viganja tu.
Miaka kumi na moja nimewapimia watu,
hakuna hata mmoja aliyethubutu kunirudishia kitu.

Bakuli ninalo bado. Namwekea maji,
maana huku juu maji ni ya kununua,
na kindi hana ndoo wala senti.
Kila akiinama kunywa, bakuli linayumba.
Kitako kile.
Linammwagia kifuani, anaruka nyuma,
anajilamba, ananiangalia, anarudi.
Nyundo ipo nyuma ya mlango.
Mara mbili nimeinuka kuifuata, mara mbili nimeketi.

Ijumaa nzima Somoe alinitazama juu ya uzio,
Somoe ambaye magunia yake sita, msimu ule wa mvua mbaya,
yalitoka kwenye bakuli langu yakiwa manne.
"Huyo mnyama," akasema, "hajui jina lako."
"Usimwambie," nikasema.
Alicheka, au alikohoa. Ana pumu, siwezi kuapa.

Jana alimtuma mjukuu wake, Abilahi,
na kifurushi cha gazeti kilichofungwa kwa ukili.
Mtoto alisimama mbali, pale pale kindi aliposimama wiki ya tatu,
akanyoosha mkono.
"Bibi anasema hizi ni za kindi, si zako.
Zipo kumi na nne.
Amezihesabu."